Uniti 10 za Kupumua

Jumapili iliyopita wapangaji tulikaa kikao uani, chini ya mwembe. Ajenda ya kwanza: shimo la choo limejaa. Ajenda ya tatu: nani anaacha geti wazi usiku. Ajenda ya pili nilikuwa mimi. Si tabia yangu, si deni langu. Pumzi yangu. Watu wazima na ndevu zao wamekalia ndoo na vigoda, wanajadili nikivuta hewa usiku nakula umeme kiasi gani.

Nyumba yetu ya hapa Tabata, Dar es Salaam, ina milango sita na LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, na aliyewahi kuishi kwenye LUKU moja hahitaji nimweleze zaidi. Tunachangia kwa vifaa. Mwenye friji anatoa zaidi, mwenye pasi anatoa zaidi, mwenye taa na redio anatoa kidogo na ndiye mwenye maneno mengi. Sasa mwenye mashine ya kupumulia atoe ngapi? Baba Shadya wa mlango wa 4, ambaye sabufa yake inachezesha vikombe vyangu kabatini, akasema mashine ile inawaka usiku kucha, basi ihesabiwe friji. Nikamwambia jirani, mimi nina mke na watoto, friji haina. Akajibu, "Friji inagandisha. Wewe unatoa nini?"

Nikakosa jibu. Mpaka leo nalitafuta.

Nakoroma, hilo sikatai. Marehemu baba alikoroma, babu alikoroma, na kwetu ilichukuliwa kuwa ni sauti ya mtu aliyeshiba. Mama Zuhura amenivumilia miaka 19 kwa viwiko vya mbavu. Kilichomshinda si kelele, ni kimya. "Baba Zuhura, unakoroma, unakoroma, halafu unazima. Nahesabu. Nikifika thelathini naanza kufikiri nimpigie nani kwanza, kaka yako au shehe. Ghafla unafyatuka kama mtu aliyetolewa kisimani, unaendelea. Mimi sasa ndiyo silali."

Mimi nilikuwa nalala mchana. Napanda daladala Kariakoo, nafumba macho Buguruni, nayafumbua Kinyerezi, Tabata tumeipita zamani. Konda akawa ananijua: "Mzee, leo tena?" Kazini, kwenye stoo ya vipuri, niliandika daftarini beringi 60, kalamu ikasinzia pamoja nami, sifuri zikaendelea mpaka ukingo wa karatasi. Bosi akaniuliza hizo beringi ni za reli ya nchi gani. Usiku nako naamka kukojoa mara 4. Mama yangu akasema sukari, jirani akasema tezi. Nikapima sukari, hakuna. Presha ipo, tena nameza vidonge vya aina mbili na bado haishuki.

Daktari niliyefika kwake hakuanza na kifua. Alitoa utepe kama wa fundi cherehani, akanipima shingo. Sentimita 44. Nikadhani ananishonea suti. Halafu maswali 8: unasinzia ukisoma? Ukitazama runinga? Ukiwa abiria? Ukiwa unaongea na mtu? Kila swali alama 0 mpaka 3. Nikapata 19 kati ya 24, nikafurahi, maana darasa la saba sikuwahi kufika huko. Kumbe ukivuka 10 tayari una kesi.

Nikalala usiku mmoja na nyaya: kidole kimebanwa, mikanda kifuani na tumboni, kimpira puani. Majibu yakatoka, koo langu linaziba mara 47 kwa saa. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi wanaihesabu. Yangu iliyovunja rekodi ilikuwa sekunde 58. Daktari akanieleza taratibu. Ukilala, misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, mlango wa hewa unafungwa. Kifua kinavuta, hakiingii kitu. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unapiga king'ora, unashtuka nusu, mlango unafunguka, unarudi kulala. Asubuhi hukumbuki hata kimoja. Nikapiga hesabu kwenye daladala: mara 47 kwa saa 7 za usiku ni mara 329. Mtu anazama na kuibuka mara 329, halafu saa mbili asubuhi anaulizwa kwa nini amechelewa kazini!

Mashine yenyewe bima walisema haimo kwenye orodha. Kwa bei yake unapata pikipiki iliyotumika. Shemeji akaniletea kutoka Dubai, ameiviringisha kwenye mashuka. Daktari, kunitia moyo, akanisimulia kwamba mwaka 1980 kule Sydney, Australia, mwenzake aitwaye Colin Sullivan alichukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaifanya ipulize badala ya kuvuta, akaiunganisha kwa mpira na maski iliyobandikwa usoni mwa mgonjwa kwa gundi. Mgonjwa akalala. Mwaka uliofuata akatangaza matokeo ya wagonjwa 5. Kabla ya hapo, aliyezidiwa kama mimi alikuwa anatobolewa shingo. Nikamsimulia Mama Zuhura kisa hiki ili aiheshimu mashine. Kati ya yote akashika mota ya kufyonza vumbi. Tangu siku hiyo inaitwa fagio. "Baba Zuhura, vaa fagio lako tulale."

Watu wanadhani mle ndani mna oksijeni. Hamna. Ni hewa ya chumbani hiyo hiyo, mashine inaivuta kwa nyuma na kuisukuma puani kwa nguvu ili koo lisifunge. Basi. Kwa hiyo kilichomo chumbani ndicho ninachopewa, tena kwa msukumo. Mama Zuhura akikaanga dagaa saa tatu usiku, mimi nalala na dagaa ndani ya mapafu mpaka alfajiri. Akifukiza udi, natoa harufu ya harusi puani. Siku moja jirani alichoma dawa ya mbu ya kuzunguka karibu na dirisha letu. Niliamka nikijihisi mbu.

Na mbu wenyewe! Mpira wa mashine lazima upite mahali uingie kwenye neti. Unapopita, neti inainuka. Neti ikiinuka kunabaki tundu la kuingia mbu ukoo mzima. Nikaambiwa nipitishe mpira kwa juu, nikaufunga kwenye kamba ya neti. Saa nane usiku kamba ikakatika, neti, mpira na kamba vikatuangukia. Mama Zuhura akapiga ukunga akidhani tumevuliwa na wavuvi. Kwa hiyo daktari wa koo anataka mpira, daktari wa malaria anataka neti ichomekwe chini ya godoro, na mimi niko katikati nasubiri waelewane.

Kuna kidumu cha maji pia, cha kulainisha hewa, la sivyo unaamka mdomo mkavu kama gunzi. Yanatakiwa maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa. Maduka mawili ya dawa, hawana. Nikakumbuka maji ya betri, nikaenda sheli. Kijana akaniuliza, "Mzee, gari gani?" Nikasema sina gari. "Sasa unaweka wapi?" Nikasema puani. Akanitazama, akamwita mwenzake aje anitazame pia. Nilipomwambia daktari nusura aanguke kitini: kwenye rafu ile ile yanakaa na maji makali, asidi ya betri, mkono ukikosea chupa umekwisha. Akaniambia nikikosa yale ya kitaalamu, kwa siku chache nitumie yaliyochemshwa yakapoa, nimwage kila asubuhi. Sasa nina sufuria yangu ya maji ya pua. Wanangu wameandikiwa onyo wasipikie chai.

Kitu kikubwa ni maneno ya watu. Kiswahili chetu kina msemo mmoja mbaya sana: yuko kwenye mashine. Zuhura aliulizwa baba yuko wapi, akajibu kwa uaminifu wake, "Amelala, yuko kwenye mashine." Kesho yake jioni nikakuta wageni sebuleni na machungwa. Mzee mmoja wa msikitini akanishika mkono, hakuniachia. Jamaa anayenidai akaniambia yamekwisha, tusameheane. Hilo sikulikanusha haraka.

Lakini lililonitoa jasho ni msiba wa mjomba kule Mlandizi. Wanaume tunalala nje chini ya turubai, kwenye mikeka, kama kawaida ya matanga. Nilitaka nisiende nayo. Mama Zuhura akasema ukiiacha utawaamsha hata waliozikwa. Nikaenda nayo kwenye begi. Umeme umetoka ndani kwa waya mmoja wa ekstensheni, matundu 4: taa, spika ya kaswida, na matundu mawili yamebeba simu za ukoo mzima. Nikachomoa chaja moja kwa heshima. Mwenyewe akaamka, "Ndugu yangu, nina asilimia sita!" Nikamwonyesha maski. Akaitazama, akanitazama, akasema pole, lakini simu hakuitoa mkononi, akakaa pembeni yangu ananisubiri nimalize.

Nikavaa mikanda, nikalala chali katikati ya mstari, shuka jeupe mpaka kifuani, maana baridi. Kwenye saa tisa hivi bibi mmoja, shangazi wa marehemu, alitoka kwenda uani. Akaona taa ndogo ya kijani inapepesa, mpira, na mtu ana kitu usoni. Alianza kulia upya. Si kilio cha kuogopa, kile cha msiba chenye maneno. Wanawake ndani wakaitikia, wakidhani ni wageni waliofika usiku. Nimeamka nimezungukwa, nimevuliwa maski, mtu ananisomea Yasini, na mwenye asilimia sita ameshachomeka simu yake.

Tangu pale nikaapa sisafiri na fagio. Kiapo kilidumu wiki mbili, maana ukishazoea kulala huwezi kurudi nyuma. Hilo nalisema kwa shingo upande. Nashuka kituoni kwangu. Beringi zinatimia. Usiku naamka mara 1 kukojoa, siku nyingine sifuri. Presha imeanza kusikia vidonge. Asubuhi mashine inatoa ripoti kwenye kioo chake: umelala nayo saa ngapi, hewa imevuja kiasi gani, koo limeziba mara ngapi. Jana ilisema 3 kwa saa, kutoka 47. Mama Zuhura huisoma kabla hata ya kunisalimia, kama mzazi aliyepokea matokeo ya mtihani, na nikiwa nimeivua usiku nanyimwa chai ya maziwa.

Turudi kikaoni. Nilileta hesabu zangu kwenye karatasi. Mashine, nikizima kile kipashio cha maji, inakula wati 40 hivi. Saa 8 kila usiku, mwezi mzima, haifiki uniti 10. Pasi ya Baba Shadya pekee ni wati 1,000. Baba Shadya akasema yeye hapigi pasi akiwa amelala. Mjadala ukawaka. Mmoja akauliza kama naweza kupumua mchana, nikabana usiku. Mwingine akapendekeza nipunguziwe kwa kuwa ni ugonjwa, akaulizwa: Shadya mdogo naye ana pumu, je, apunguziwe?

Ndipo akasimama Mama Barafu wa mlango wa 1. Huyu ana friza mbili, anauza barafu na samaki, na ndiye anayelipa zaidi ya wote, kwa hiyo akisimama watu huketi. Akasema kwa upande wake Baba Zuhura asitoe hata senti. Nikaona macho yananilenga, hata Mama Zuhura.

"Umeme ukikatika usiku," akasema, "mashine yake inazima, anaivua usingizini, anaanza kukoroma. Mimi nikimsikia tu najua umeme hakuna. Naamka, naziba friza na magunia, samaki wangu wanafika asubuhi salama. Mwaka huu sijaozesha hata mmoja. Mlinzi wa nyumba ya pili naye anawasha jenereta kwa sauti hiyo hiyo."

Mlango wa 6 akakiri kwamba naye, akinisikia, huamka kuchomoa runinga. Kumbe kuna mwalimu mtaa wa nyuma huamka kutafuta mshumaa. Ikapitishwa: Baba Zuhura, uniti 10, na Mama Barafu anamlipia 5.

Kosa nililofanya ni kufungua mdomo kwenye mengineyo. Nikawashukuru wajumbe, nikasema mwezi ujao wasiwe na wasiwasi kabisa na mimi, maana nadunduliza ninunue betri ya gari na inveta, hata umeme ukikatika nilale kimya mpaka asubuhi.

Uwanja ukanyamaza. Mama Barafu akaweka chini ungo wake.

"Shemeji," akasema, "hiyo betri ni shilingi ngapi? Maana mimi naweza kukulipia zote 10."

Nimemwambia anipe mpaka Jumapili nifikirie, na samaki wa mchuzi.