Mabuti Yaliyosukwa Rasta

Mimi nimekulia Tandika, na kwa mtumba hanidanganyi mtu. Kiatu nikikishika nakikunja, nabonyeza kisigino kwa kidole gumba, nachungulia ndani kuona kama mwenyewe wa kwanza kaacha shimo la dole gumba lake, ndipo nataja bei, nusu ya ile niliyoiweka moyoni. Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, nilipoyakuta mabuti ya mlimani kwenye soko la vitu vya zamani hapa Torino, nilijua Mungu kanikumbuka. Ngozi ya kahawia, nzito. Soli meno yote yapo, hata vumbi halijaingia.

"Yamekaa darini miaka kumi na mitano," mzee muuzaji akaniambia. "Hayajavaliwa."

Yuro 20. Nikalipa haraka kabla hajajuta. Miaka kumi na mitano darini bila kuvaliwa! Mimi nikaona hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Nyumbani nikaanza kupanga safari. Watu wengi wakiamua kwenda Alps za Italia hukimbilia Dolomiti, huko unapanga foleni ili upige picha ya jiwe. Mimi nikachagua Val Maira, bonde lililojificha mkoa wa Cuneo, karibu na mpaka wa Ufaransa, ambako wazee bado wanaongea Kioksitani. Kuna njia ya mzunguko inayopita kijiji hadi kijiji, Percorsi Occitani, na kila jioni unalala kwenye nyumba ya wapita njia wanayoiita posto tappa. Mke wangu hakuvutiwa. Kwao ni Kigoma, na kupanda mlima bila kufuata kitu anaona ni adhabu. Kilichomlainisha ni dagaa. Nilimsimulia kwamba wanaume wa bonde hilo, mbali na bahari kiasi kile, zamani walikuwa wakishuka msimu wa baridi na mikokoteni kuuza acciughe, visamaki vya baharini vilivyotiwa chumvi, tambarare nzima ya kaskazini. Acciughe kwa macho ya mtu wa Kigoma ni dagaa waliosoma.

"Wauza dagaa wa mlimani," akasema. "Hao nikawaone."

Nilipanga kama naandaa harusi. Juni nikaikataa, maana njia za juu zinaweza kuwa bado na theluji. Katikati ya Agosti nikaikataa vilevile, kwa sababu tarehe 15 ni Ferragosto na Italia nzima inakuwa likizoni, kitanda hupati. Nikakata shauri la mwisho wa Julai, nikapiga simu za vitanda tangu Mei. Nikanunua ramani ya 1:25,000. Nikajifunza kwamba vibao vya njia huku vinaandika saa za kutembea, maana kilomita mbili za kupanda si kilomita mbili za kwenda kununua mkate. Nikaandika orodha ya vitu 31. Kiberiti kilikuwa namba 14, filimbi namba 15.

Halafu nikaleta mzani wa jikoni. Begi lisizidi kilo nane. Hapo ndipo tulipogombana, kwa sababu ndani ya begi la mke wangu nilikuta pakiti nzima ya rasta, rangi ya mvinyo. Wiki iliyofuata tulikuwa na harusi, na alitaka kurudia mistari ya mbele jioni jioni huko huko.

"Mlimani hatuendi saluni," nikamwambia, nikaitoa pakiti, nikaiweka juu ya friji.

Hakujibu. Aliuliza swali moja tu: "Hayo mabuti umeyajaribu?"

"Nimeyavaa sebuleni wiki nzima."

Tukapanda treni hadi Cuneo, basi hadi Dronero, tukapiga picha kwenye Daraja la Ibilisi la mwaka 1428, tukachukua basi lingine kupanda bonde. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuzungukazunguka tu kijijini, mabuti yakanikaa kama nimepimiwa. Siku ya pili tulitoka Stroppo kwenda Elva, kupanda karibu mita 800 halafu kushuka upande wa pili. Nyasi hadi kiunoni, kengele za ng'ombe, nikawa natembea mbele huku nikitoa mhadhara wa alama nyeupe na nyekundu zinazopakwa kwenye mawe.

"Baba watoto," mke wangu akasema nyuma yangu, "kuna mbuzi wamepita hapa sasa hivi. Mavi yao hayajakauka."

Nikarudi kutazama kwa jicho la mtaalamu. Vipande vyeusi, vidogo, vimetawanyika njiani. Nikamwambia huenda si mbuzi wa kufugwa, huku juu kuna mbuzi mwitu. Akaitikia kwa heshima. Tukaendelea. Baada ya dakika kumi akasema hao mbuzi wanakwenda njia moja na sisi. Baada ya nyingine tano akanyamaza, na mke wangu akinyamaza mimi huanza kuhesabu makosa yangu.

Ndipo nikasikia: pa, pa, pa. Mlio wa ndala. Nikatazama chini. Buti la kushoto limeachama kama mamba anayeota jua, na mdomoni mwake inamwagika ile tabaka ya kati ya soli, nyeusi, inapukutika kama keki iliyokaa. Mbuzi nilikuwa mimi.

Kumbe ile povu ya kati, poliuretani, huozeshwa polepole na unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kabatini hakijakanyaga kitu. Muuzaji hakunidanganya hata neno moja. Ila Tandika hakuna kiatu kinachopumzika miaka kumi na mitano, kwa hiyo kwenye elimu yangu yote ya mtumba ukurasa huo haukuwemo. Buti la kulia lilisubiri kama robo saa hivi, kwa adabu, halafu nalo likafuata ndugu yake.

Nikakaa juu ya jiwe, nikafungua orodha. Filimbi ipo. Plasta zipo. Vitu 31, na kamba hakuna. Ndala za kuogea nilikuwa nazo, lakini mteremko uliobaki ulikuwa wa mawe makali, ningefika Elva na vidole sita.

Mke wangu akafungua begi lake, akapitisha mkono hadi chini kabisa, ndani ya soksi. Akatoa pakiti ya rasta.

Sikusema kitu. Ningesema nini? Akatenga mafungu matatu, akanishikisha ncha moja, akasuka. Alinifunga soli zote mbili, msuko mmoja vidoleni, mmoja unyayoni, mmoja nyuma ya kisigino, akavuta kama anavyovuta kichwa cha mtoto mbishi. Mwisho akaninyooshea mkono: "Nipe namba 14." Akachoma ncha kwa kiberiti zisifumuke.

Tuliteremka hivyo hivyo, mimi natembea kama bata mwenye dhamana. Ni hapo nilipokumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisoma Mei na kulipita: Elva ndicho kijiji cha wafanyabiashara wa nywele. Wanaume wake walikuwa wakizunguka kaskazini mwa Italia kununua nywele za wanawake, wakizileta huku kusafishwa na kupangwa, kisha zinauzwa kwa watengeneza mawigi wa Paris na London. Hata jumba la makumbusho ya nywele wanalo.

Mama mwenye nyumba alitupokea mlangoni. Hakutazama nyuso zetu. Aliinama hadi kwenye mabuti, akashika ncha ya msuko, akaisugua kwa vidole viwili taratibu, kama mimi ninavyobonyeza kisigino.

"Za kweli?"

"Za plastiki, mama," mke wangu akamjibu.

Akaziachia, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kibiashara, akaenda kutuletea supu.

Picha ilifika kwenye kundi la familia kabla sijamaliza kunawa mikono. Mama mkwe alituma sauti ya sekunde arobaini, kicheko kitupu. Shemeji yangu aliandika mstari mmoja: "Mabuti yamependeza. Msusi wake anachukua bei gani?"