Namba kutoka sawa si sababu ya kupuuza onyo la fomati

Kompaila za C zina chaguo la `-Wformat`, linaloonya pale fomati ya `printf` (maandishi yenye alama kama `%d`) isipolingana na aina za thamani zilizopitishwa. Mjadala ukizuka kuhusu maonyo hayo, utetezi wa wanaotaka kuyanyamazisha huwa uleule: namba inatoka sawa, sasa tatizo liko wapi? Naupinga utetezi huo kwa nguvu zote. Namba kutoka sawa kwenye mashine moja hakuthibitishi lolote kuhusu msimbo unaokusudiwa kuendeshwa kwingine, na msimbo wa C ukidumu miaka ya kutosha, huwa unahama tu, aliyeuandika atake asitake.

Tazama kinachofanyika ndani. `printf`, funkisheni ya C ya kuchapisha, haijui aina za hoja, yaani thamani, ilizopewa. Inasoma fomati, ikikuta `%d` inachota `int` (namba kamili ya kawaida) pale hoja inayofuata inapotarajiwa kuwa, ikikuta `%s` inachota pointa (anwani ya kumbukumbu) na kuifuata iendako. Aina halisi ya ulichopitisha haikuandikwa popote ambapo `printf` inaweza kuiona. Ni kompaila pekee inayoziona pande zote mbili kwa pamoja, fomati upande mmoja na aina upande wa pili, na inaziona mara moja tu, wakati wa kukompaili.

Kwenye Linux ya x86-64 (prosesa za Intel na AMD za biti 64), hoja za kwanza ambazo ni namba kamili hupita kwenye rejista (vihifadhi vya ndani ya prosesa) za biti 64, kila hoja na rejista yake. Ukipitisha thamani ya biti 64 huku umeandika `%d`, itasomwa nusu ya chini tu, na thamani ikiwa ndogo jibu litakuwa sahihi. Hapo ndipo watu wanapojenga imani yao. Sasa upeleke msimbo huohuo kwenye i386, ndugu yake wa biti 32. Huko hoja hupangwa kwenye staki (eneo la kumbukumbu la muda), na thamani ya biti 64 hukalia nafasi mbili za baiti 4. `%d` inachukua nafasi ya kwanza, na hoja zote zinazofuata zinakuwa zimesogea. Kama kinachofuata ni `%s`, `printf` itaichukua nusu ya juu ya namba yako na kuifanya pointa. Nusu hiyo mara nyingi ni sifuri: glibc, maktaba ya C ya Linux, itaandika `(null)`, maktaba nyingine itaangusha programu nzima. Na kwenye mashine ya biti 32 inayotanguliza baiti kubwa, `%d` hukutana na nusu ya juu kwanza, kwa hiyo namba ndogo yoyote isiyo hasi huchapishwa kama 0.

Wengi hulikubali hilo, kisha hukwama kwenye jambo la pili: onyo linalotolewa hata pale ukubwa unapolingana. `int64_t` kwenye Linux ya biti 64 ni `long`. Kwenye macOS ni `long long`. Zote mbili ni biti 64. Ukiandika `%ld`, Linux inanyamaza na macOS inalalamika. Wanaoandikia vidhibiti vidogo vya ARM kwa kutumia newlib, maktaba ndogo ya C, wanalijua hili vizuri, maana huko `uint32_t` ni `unsigned long`, na `%u` hupata onyo ingawa `int` na `long` zina biti 32 zote. Je, kompaila inasumbua bure? Hapana. Inalinganisha aina, si ukubwa, na hivyo ndivyo kiwango cha C kinavyotaka: fomati isiyolingana na aina ni tabia isiyofafanuliwa, yaani kiwango hakiahidi lolote kuhusu kitakachotokea. Na onyo hilo linaloonekana halina madhara kwenye macOS lina habari ya kweli ndani yake. Linakuambia kwamba umechukulia `int64_t` na `long` kuwa kitu kimoja. Kwenye Windows ya biti 64, `long` ina biti 32.

Dawa mbaya kuliko zote ni kasti ya `(int)`, yaani kuilazimisha thamani igeuke kuwa `int`. Huipata kwenye msimbo mwingi ulio “safi”, usiotoa onyo hata moja, na huniudhi kuliko onyo lenyewe. Aliyeiweka amechukua kosa lililokuwa linaonekana akalizika. Ukubwa wa faili ukipita GiB 2, mtumiaji anaweza kuona namba hasi, na hakuna kompaila duniani itakayomsaidia anayetafuta chanzo, kwa sababu aliyeandika kasti amesema rasmi kwamba anajua anachofanya. `-Wno-format`, chaguo la kuyazima maonyo haya, angalau haijifichi; unaiona kwenye Makefile na unaweza kuifuta.

Dawa nzuri zipo tangu C99, kiwango cha C cha mwaka 1999. `size_t` (aina ya ukubwa) ni `%zu`, tofauti ya pointa mbili ni `%td`, pointa yenyewe ni `%p` baada ya kugeuzwa kuwa `void *`. Aina zenye upana maalumu zina makro zake (majina ambayo kompaila huyabadilisha kwa maandishi mengine)  katika `<inttypes.h>`: `PRId64`, `PRIu32` na wenzao. Zinakatakata maandishi na kuyafanya yasomeke kwa taabu, sibishi, lakini zinasema ukweli kila mahali, na hata gettext, zana ya kutafsiri programu, inazielewa zikiwa ndani ya maandishi ya kutafsiriwa.

Zinabaki `time_t` (muda), `off_t` (nafasi kwenye faili), `pid_t` (namba ya mchakato) na aina nyingine za mfumo ambazo hazina `%` yake maalumu. Hapa ndipo ninapokubali kasti, na iwe ya kupanua, kamwe isiwe ya kupunguza. Wapo wanaopendelea `intmax_t` na `%jd`. Mimi huandika `(long long)` na `%lld`: haihitaji heda (faili la matangazo) ya ziada, na `long long` ina uhakika wa biti 64 au zaidi. Mfumo endeshi wa OpenBSD ulipohamisha `time_t` kwenda biti 64 kwa mashine zake zote, katika toleo la 5.5 la mwaka 2014, hivyo ndivyo sehemu za kuchapisha zilivyorekebishwa. Aliyekuwa ameandika `%d` au `%ld` kwa kubahatisha ilibidi asakwe mstari kwa mstari.

Ila kama ningeruhusiwa kuomba jambo moja tu kwa kila mradi wa C, lingekuwa hili: wekeni alama ya fomati kwenye funkisheni zenu wenyewe. Karibu kila programu kubwa ina yake ya kuandika logi au kutangaza hitilafu, inayopokea fomati na kuipeleka kwa `vsnprintf`, ndugu ya `printf`. Kompaila haiwezi kukisia hilo. Bila `__attribute__((format(printf, 1, 2)))` kwenye tangazo lake (namba hizo ni nafasi ya fomati na ya hoja ya kwanza ya kukaguliwa), mamia ya miito hupita bila kukaguliwa, na ni miito ileile iliyo kwenye njia za hitilafu, ambazo majaribio huzigusa kwa nadra. Hitilafu ya kwanza ikitokea kwa mteja, ujumbe uliotakiwa kueleza tatizo ndio unaoiua programu. Kompaila za GCC na Clang zinaielewa alama hiyo. Kwa kompaila nyingine ifiche ndani ya makro tupu. Mradi ukiiweka kwa mara ya kwanza, maonyo humwagika. Yasomeni yote.

Alama hiyohiyo, pamoja na `-Wformat-security`, ndiyo inayokamata `log_error(jina)` pale ilipotakiwa kuwa `log_error("%s", jina)`. Mwaka 2000 wu-ftpd, seva ya kuhamisha faili, ilivamiwa kwa kosa la namna hii: maandishi ya mtumiaji yakatumika kama fomati, na `%n` ikampa mshambuliaji uwezo wa kuandika kwenye kumbukumbu. Debian, usambazaji wa Linux, sasa hukompaili vifurushi vyake kwa `-Werror=format-security`, inayoligeuza onyo hilo kuwa kosa, na sioni sababu ya mradi wowote kusubiri kulazimishwa na anayeufungasha kuwa kifurushi.

Kuna mahali onyo linazungumzia maktaba badala ya aina. MinGW, yaani GCC ya Windows, ikitumia maktaba ya C ya zamani ya Windows, `msvcrt.dll`, italalamikia `%zu`, na ina haki, kwa sababu maktaba ile haiijui. Microsoft yenyewe iliiingiza na Visual Studio 2015. Tangaza `__USE_MINGW_ANSI_STDIO` kabla ya heda zozote, na funkisheni zako uzipe `gnu_printf` badala ya `printf`.

C23, kiwango kipya cha C, imeleta `%w64d` kwa `int64_t`, na glibc inaikubali tangu toleo la 2.38 la mwaka 2023. Naifurahia, lakini siitumii bado kwenye msimbo wa kuhama. Kompaila mpya inaweza kuikubali wakati maktaba ya kule programu inakoendeshwa haijawahi kuisikia, na hapo hutapata onyo lolote. Hali ni hiyohiyo kwa newlib-nano, toleo dogo zaidi la newlib, ambayo `printf` yake imepunguzwa hadi haishughulikii `%lld` wala `%zu`, ilhali GCC inaona kila kitu kiko sawa. Huko nagawa thamani ya biti 64 vipande viwili vya biti 32, nageuza kila kimoja kuwa `unsigned long`, na kuvichapisha kwa `%08lx%08lx`.