Baba mkwe alivyoondoka na Land Rover yangu akiwa na kikombe cha chai

Mke wangu ana majina mawili kwa ile Land Rover. Mbele ya wageni anaiita "gari ya baba watoto". Tukibaki wawili anaiita "mke mwenzangu". Na ukweli usemwe, mwaka ule mke mwenza alitunzwa kuliko mwenye nyumba. Alinunuliwa betri mbili mpya wakati mtungi wa gesi umekauka na sisi tunapikia kuni.

Betri mbili, ndiyo. Niliinunua Korogwe kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa viazi, ni 109 (ile ndefu, inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), Series III, na yeye alijua anauza mkweche. Mimi nilipochungulia katikati ya viti vya mbele nikaona sanduku la betri mbili, moyo ukanilipuka. Gari ya raia ni volti 12. Hii ni volti 24, ilitengenezwa kiwandani kwa ajili ya kubeba redio za jeshi, hata plagi na nyaya zake zimevikwa chuma ili cheche zisilete mikwaruzo redioni. Nikaficha furaha. Nikapiga tairi teke, nikaguna kama mtu aliyeletewa mchuzi usio na chumvi, nikaomba apunguze bei.

Nyumbani Lushoto nikaanza kupiga msasa pembeni ya mlango. Krimu. Chini ya krimu, buluu. Chini ya buluu, nyeupe. Halafu nikakikuta kijani chenyewe, kizito, kimekaa kimya miaka yote hiyo. Nikamwita mke wangu aje aone. Akaja, akaona, akarudi kwenye maharage yake.

Rangi hiyo sikuirudisha. Hapa kwetu mavazi na rangi za jeshi si mambo ya kuchezea, na sikuwa na hamu ya kueleza mapenzi yangu ya magari ya kale huku nimepiga magoti kando ya barabara. Nikapuliza kijivu. Lakini uvunguni, ambako hakuna anayeangalia, nikajipendelea. Gari hizi kwa nyuma zina kitaa kidogo cha msafara, kimeinamia difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, na difu yenyewe inapakwa rangi nyeupe. Msafara ukitembea usiku taa zote zimezimwa, dereva wa nyuma anafuata kile kiduara cheupe kinachong'aa chini ya gari iliyo mbele yake, na adui aliye mbali haoni kitu. Nilipoelewa hilo sikulala. Difu nikaipaka mikono mitatu ya rangi nyeupe, nimelala chali kwenye gunia.

"Unapaka mahali ambapo hata kuku hapaangalii?" mke wangu aliuliza.

Sasa, Jumamosi moja baba mkwe akaja kututembelea. Huyu mzee alikuwa dereva jeshini, na mwaka 1979 aliendesha gari mpaka Uganda. Nikampa shikamoo, nikamwekea kiti chini ya mparachichi, akakipita kile kiti kama hakioni. Alikwenda moja kwa moja kwenye Land Rover, akaizunguka, akaipigapiga bodi kwa kiganja, akafungua mlango, akakaa kwenye usukani. Chai ya tangawizi ikabidi imfuate humo humo. Akaanza kusimulia.

Na mimi, badala ya kukaa nisikilize kama mkwe mwenye adabu, nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha mzee kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa hivi hivi. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linavujisha mafuta kwenye habu, pale katikati ya gurudumu. Kazi ndogo. Unafungua boliti sita, unachomoa hafu shafti, ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu, unabadilisha gasketi, unarudisha. Na raha ya ekseli hii ni kwamba uzito wa gari hauko juu ya shafti kabisa, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Kwa hiyo huhitaji jeki wala kuvua gurudumu. Unaichomoa gari ikiwa imesimama chini kwa miguu yake minne.

Ua wetu umeinama. Lushoto ukipata kiwanja kisichoinama ujue umeuziwa mto. Gari ilikuwa imeelekeza pua juu, kwenye nyumba. Breki za mguu hazikuwepo, mabomba yake nilishayafungua wiki iliyopita. Lakini nilikuwa nimeweka gia namba moja na hendibreki nimeivuta mpaka mwisho.

"Umeweka jiwe?" baba mkwe aliuliza kutoka ndani.

"Baba, hii ni hendibreki ya jeshi."

Mpaka leo sijui nilikuwa namaanisha nini.

Boliti ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Nikagonga ukingo taratibu kwa nyundo ya mbao, gasketi ikaachia kwa mlio kama wa busu, mafuta mazito meusi yakaanza kuteremka mpaka kiwikoni. Nikavuta. Shafti ikaja, ikaja, ndefu, inateleza vizuri, nami najisikia fundi wa mafundi. Ncha ikachomoka. Gurudumu likaanza kuondoka.

Halikuondoka kwa fujo. Liliondoka kama mgeni anayeaga, polepole, mbele ya pua yangu. Likafuata boksi la nyuma, likanipita. Halafu ukaja mlango wa mbele, dirisha liko wazi, na ndani yake baba mkwe ameshika kikombe. Macho yetu yakakutana. Mdomo wangu, bila kunishirikisha, ukatamka:

"Shikamoo Baba."

"Marahaba," akajibu, akapita.

Alikanyaga breki mara moja, akasikia mguu unazama kama amekanyaga ndizi iliyoiva, hakurudia. Akatoa kichwa dirishani, akageuka nyuma, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili umeinua kikombe. Tani moja na nusu na zaidi, inarudi kinyumenyume, inaongeza mwendo. Ilichukua kamba ya nguo na mashuka mawili na dera la mke wangu. Kuku wakapaa. Kati ya kona ya nyumba ya jirani na mparachichi kuna nafasi ambayo mimi siipitishi toroli, mzee akaipenyeza. Kisha kabichi za mama jirani, pa, pa, pa, halafu sauti moja nzito, laini, puuu! Kimya.

Shimo la samadi. Alilichagua mwenyewe, aliniambia baadaye. Mbele yake palikuwa na vitu vitatu, ukuta, tangi la maji na samadi.

Mimi nilikuwa nakimbia nyuma yao. Nilisahau kuitupa shafti, kwa hiyo mama jirani alipotoka jikoni alichokiona ni mzee wa watu anakimbia kwa gari, kafunikwa mashuka, na mimi nyuma nimeinua nondo inayochuruzika meusi.

"Jamani njooni! Anamuua mkwewe!"

Walikuja. Lushoto watu huwa wanakuja haraka sana.

Baba mkwe alishuka upande usio na samadi, akamkabidhi binti yake kikombe. Hakikumwagika. "Hii imepoa," akamwambia. Halafu akaniangalia mimi na shafti yangu, mbele ya kijiji kizima.

"Hendibreki ya gari hii inashika wapi?"

"Magurudumu ya... nyuma, Baba."

"Inashika propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma. Ngoma yake iko nyuma ya giaboksi ndogo. Kutoka pale nguvu inapita difu, inapita hiyo fimbo uliyoshika, ndiyo inafika kwenye gurudumu. Gia nayo njia yake ni hiyo hiyo. Ukitoa fimbo moja tu, difu inazungukia upande uliobaki wazi, hakuna kinachoshika." Akanyamaza kidogo. "Umemfunga mbuzi kamba shingoni, halafu umemkata shingo. Kamba bado imefunga vizuri sana. Mbuzi hayupo."

Kuna vijana hapa wakinipita barabarani mpaka leo wanalia kama mbuzi.

Kabichi mimi nilihesabu 31. Mama jirani alihesabu 46. Tukalipa 46.

Lori la mboga la kutuvuta lilipatikana usiku, na kabla ya hapo nilirudisha shafti nikiwa nimesimama ndani ya samadi mpaka magotini, baba mkwe ananimulikia tochi na kuhesabu boliti kwa sauti. Gari ikatoka kwa kelele ya kunyonya. Mzee akasema, hebu washa kile kitaa chako cha msafara, si ndicho ulichokuwa unajisifia kwenye chai? Nikawasha. Betri mpya, kikawaka bila kusita. Tukainama wote wawili kuangalia difu yangu nyeupe, mikono mitatu ya rangi. Haikuonekana hata tone jeupe, samadi mwanzo mwisho.

"Safi," akasema baba mkwe. "Adui haoni kitu."