Mnara tunao, majina je?

Kila ifikapo Julai 25 televisheni hutuonyesha Siku ya Mashujaa: mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shada la maua, kisha tarumbeta. Wapiganaji wa zamani nao huwapo, medali zinaning'inia kifuani, na kila mwaka wanapungua. Sina ugomvi na gwaride. Ila likishamalizika, nitajieni majina kumi tu ya watu wa Unguja na Pemba waliokufa katika vita vile viwili vikuu vya dunia. Kumi hayafiki. Matano je?

Nendeni Chapwani mkaone wenzetu walivyofanya. Kisiwa chenyewe hakiko mbali, ni mwendo mdogo wa boti kutoka Mji Mkongwe. Wamelala pale wanamaji wa Kiingereza waliokufa karne ya 19 wakifukuzana na majahazi ya watumwa, na wamelala pia mabaharia 24 wa manowari Pegasus. Hiyo ilikuwa imetia nanga bandarini kwetu alfajiri ya Jumapili, Septemba 20, 1914, mitambo yake ikitengenezwa, ndipo Königsberg ya Mjerumani ilipotokea upande wa Rufiji na kuitwanga kwa mbali. Mizinga ya Pegasus haikuweza hata kuifikia. Walikufa watu 38. Leo ukifika makaburini, juu ya miti wamejaa popo, paa wadogo wanakatiza vichakani, lakini mawe yanasomeka: jina, cheo, tarehe. Zaidi ya miaka mia imepita na bado kuna ofisi huko Uingereza ambayo kazi yake ni kuhakikisha kijana yule wa watu hapotei.

Katika vita vile vile walichukuliwa wapagazi wetu. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps, na Zanzibar nayo ilitoa watu wake, wengine kwa kukamatwa. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na unga uliopikwa nusu nusu na watu waliochoka mno kusubiri chungu kichemke. Hesabu za wanahistoria kwa wapagazi waliofia upande wa Waingereza peke yake hukaribia laki moja. Wako wapi? Wamefukiwa kando ya njia, huko Rufiji na kusini.

Tuna jengo, naam. Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, lile lenye makuba lililochorwa na J. H. Sinclair, lilijengwa kuwa ukumbusho wa vita hivyo na likafunguliwa Novemba 11, 1925, siku ya kuadhimisha kunyamaza kwa bunduki. Muulize mtu yeyote aliyesoma skuli hapa mjini atakwambia hapo ndipo makumbusho: tulipelekwa kuangalia mifupa ya dodo na kobe wakubwa. Kwamba tulikuwa tunakimbizana ndani ya nyumba ya maombolezo, hakuna mwalimu aliyetwambia.

Na msidhani wapagazi walisahauliwa kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti inamtaja hata gavana wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyeona kuwa mwenyeji wa kawaida hataelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Radhi tumeisikia. Orodha ndiyo hatujaiona.

Sasa nije kwenye vyama vya wapiganaji wa zamani, maana hapo nina maoni ambayo huenda yasiwafurahishe wapenda minara. Umoja wa vyama hivyo katika nchi zilizokuwa chini ya Mwingereza uliundwa Cape Town mwaka 1921, na waliokuwa mbele ni majemadari Haig wa Uingereza na Smuts wa Afrika Kusini. Kazi ilikuwa mbili: kumsaidia aliye hai na kumkumbuka aliyekufa. Watu huisifia hii ya pili, yenye maua na tarumbeta. Mimi nasema ya kwanza ndiyo iliyoweka kumbukumbu. Huwezi kumpelekea mzee fedha za unga bila kujua anaitwa nani, ni mtoto wa nani, alikuwa kikosi gani cha keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu), na anakaa kijiji gani. Daftari la msaada, lile chafu lenye madoa ya chai, linajua mengi kuliko mnara wowote.

Bila daftari hata medali haisemi kitu. Kuna nyumba moja Wete nimeonyeshwa nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake umefubaa, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na hati za shamba. Ni ya Bama (Burma, Myanmar ya leo), ya vita vya pili. Nikaigeuza nyuma kutafuta jina. Hakuna, kwa sababu nyota zile Uingereza ilizigawa bila kuchonga majina. Wajukuu wanajua ni ya babu mmoja wa ukoo, lakini yupi kati ya ndugu wawili, wanabishana mpaka leo.

Wapo wanaoniambia: wale walimtumikia mkoloni, tuwakumbuke kwa lipi? Kwanza, aliyekamatwa njiani akatwishwa sanduku la risasi hakuulizwa anampenda nani. Pili, hatuwakumbuki kwa ajili ya Mfalme George, tunawakumbuka kwa sababu ni watu wetu. Wengine hawataki masanamu na mashada, na hao nawaelewa. Lakini sisi tunayo desturi yetu. Kwenye khitma, kabla ya dua, karatasi ya majina ya marehemu hupita mkono kwa mkono mpaka kwa anayesoma, na watu hunong'ona, "Umemuandika mama yake fulani?" (Najua, khitma nayo ina wapinzani wake. Basi someni orodha barazani, mradi isomwe.)

Kazi hii ningewapa wastaafu wetu wa JWTZ. Waliokwenda Kagera mwaka 1978 na 1979 bado tunao, wanakaa mitaani, wanacheza bao. Waanze na wenzao wenyewe, kisha warudi nyuma mpaka keya wa Bama, kisha wapagazi. Shehia moja moja, wakishirikiana na sheha: jina kwa ubini mpaka babu, mahali alipozaliwa, kikosi, alikofia, nani kasimulia. Nakala moja ibaki kwa sheha, nyengine ipelekwe Nyaraka, Kilimani. Cape Town wameweza. Januari 2025 ulizinduliwa ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi wa jeshi Waafrika waliofia vita vya kwanza. Majina hayo hayakushuka kutoka mbinguni, watu walikaa wakafukua makaratasi.

Gharama yake ni madaftari, nauli ya daladala na vijana wawili watatu wenye mwandiko unaosomeka. Kwa upande wa Pemba ningeanzia Wete, na swali la kwanza lingekuwa la wale ndugu wawili, maana shangazi mmoja wa wajukuu wale bado yu hai na akili yake timamu.