Bekapu na Linux kwenye Eksteno Moja

Rafiki yangu mmoja hapa Mbeya, mpiga picha za harusi na sendofu mwenye chumba chake karibu na Kabwe, alinunua eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka, ya TB 1. Picha zimekula kama GB 400. Laptopu yake ni ya siku nyingi, Windows 11 haiitaki, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Akaja na wazo: ile nafasi iliyobaki kwenye eksteno apige Linux, mfumo wa kompyuta wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, aizoee mdogo mdogo, Windows ya ndani isiguswe. Nikamjibu hapana, haraka mno. Nilipofika nyumbani nikaanza kubishana na jibu langu mwenyewe.

Maana wazo lake si la kipuuzi. Eksteno ya pili ni hela, na mwezi ambao harusi ni chache hela hiyo ni kodi ya chumba. Kiufundi pia hakuna kinachokataza. Diski hugawanywa vipande viitwavyo patisheni, kila patisheni na mpangilio wake wa kutunza mafaili: ext4 kwa Linux, NTFS kwa picha, na Linux inaisoma NTFS bila shida. Lakini hoja iliyonitikisa ni nyingine. Siku laptopu ikigoma, anachomeka eksteno kwenye kompyuta ya jirani, anaiwashia humo humo, na picha za bibi harusi anayezisubiri ziko palepale. Mafundi wengi tunaopenda kusema "bekapu ikae peke yake" hatujibu hoja hiyo, tunairuka tu.

Tatizo ninaloliona liko kwenye kazi ya kila siku. Diski ya bekapu inalindwa na usingizi wake: inachomekwa, inanakili, inachomolewa, inarudi kabatini. Ukiweka Linux ya kutumia kila siku, diski hiyohiyo inazunguka kutwa nzima. Vile vichwa vyake vya kusomea vinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Mtoto akiuvuta waya eksteno ikadondoka ikiwa inazunguka, vinakwaruza. Ikidondoka imezimwa ina nafuu kubwa, kwa sababu vichwa vimeegeshwa pembeni. Ongeza na umeme wetu. Laptopu yenye betri iliyokufa ikizimika ghafla, ext4 ina kumbukumbu ya kazi iliyokuwa katikati na mara nyingi itajirekebisha. Patisheni ya exFAT, mpangilio mwingine wa mafaili, haina kinga hiyo. Na hata kama mafaili yamepona, chuma kilichochakaa ni kimoja kwa pande zote mbili. Ukuta wa patisheni unazuia mafaili yasichanganyike, hauzuii diski kufa.

Halafu kuna mikono ya watu. Kisakinishi cha Linux kinauliza ufute diski ipi, na mtu aliyechoka saa nne usiku anaweza kubonyeza isiyo yake. Vingine huiweka programu ya kuwashia kwenye diski ya ndani hata kama umechagua ya nje, kesho yake unachomoa eksteno, laptopu inakuonyesha kioo cheusi chenye maandishi ya grub, ndiyo hiyo programu ya kuwashia. Linalonitisha zaidi ni la steshenari. Unaenda Mwanjelwa kuprinti, dada wa pale anachomeka eksteno, Windows haiijui patisheni ya Linux, na mara nyingine inapendekeza ifomatiwe. Dada ana foleni ya watu sita. Anabonyeza ndiyo. Ikiwa aliyobonyezea ni ya Linux tu, umepona. Ila mtu mwenye haraka huwa hasomi ni ipi.

Kwa hiyo nimefika hapa: mfumo wa uokoaji, ndiyo, mfumo wa kazi, hapana. Kipande kidogo chenye Linux ya dharura, inayowashwa mara mbili kwa mwaka, hakiivurugii bekapu usingizi, na kinampa ile faida iliyonitikisa. Ingawa kusema kweli flashi ya GB 8 inaifanya kazi hiyohiyo, na ikipotea hakuna anayelia. Ile Linux ya kujifunzia aiweke ndani ya laptopu. Ubuntu inashauri GB 25 za diski, si nyingi, na hapo itakwenda mbio kuliko ikipita kwenye waya wa USB. Ndiyo, Windows inaweza kuharibika katika kugawa. Itapigwa upya jioni hiyohiyo. Harusi ya watu haipigwi upya.

Nilirudi kumweleza haya. Alisikiliza, akakubali nusu, akasema angalau aitenge ile patisheni ya uokoaji. Tukaiangalia eksteno: imekuja na exFAT, na exFAT haipunguzwi ukubwa. Ili agawe, lazima atoe picha zote, afomati, azirudishe. Nikamuuliza hizo GB 400 atazihifadhi wapi kwa hizo saa chache. Akaitazama laptopu yake, ya GB 256, kisha akanitazama mimi.

"Kwani si hii ndiyo bekapu?"

"Bekapu ya nini, kaka? Picha zenyewe ziko wapi?"

Wiki hiyo hatukugawa chochote. Tuliulizia bei ya eksteno ya pili.