Mpemba, Fimbo Mbili na Jogoo Mmoja

Nilikwenda Los Baños, mji wa mkoa wa Laguna kusini mwa Manila, kusomea mbegu za mpunga, na hilo nalitanguliza kwa sababu wapo watu huku nyumbani wanaoeneza kwamba nilikatiwa tiketi ya ndege ili nikapigane na kuku. Mji huo, uliolala chini ya Mlima Makiling, ndio makao ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliyoanzishwa mwaka 1960, na mtu aendaye huko kwa kawaida hurudi na vyeti. Siku za kazi nilihesabu masuke. Jumapili asubuhi, kwa kukosa shughuli, nilijiunga na darasa la arnis.

Arnis ni mapigano ya fimbo ambayo Ufilipino iliyatangaza kwa sheria ya mwaka 2009 kuwa mchezo wake wa taifa, na watoto hufundishwa hata shuleni. Fimbo zenyewe ni za henzirani, urefu wa sentimeta 70 hivi, na henzirani haikuchaguliwa ovyo: ikichoka haikatiki vipande vyenye ncha za kumtoboa mtu jicho, bali huchambuka nyuzi nyuzi, na fimbo mbili zikigongana kwa nguvu hutoa harufu ya kuungua. Mimi henzirani nilikuwa naifahamu kwa upande wa kupokea tu, tangu darasa la kwanza. Hata hivyo nilijiandikisha kifua mbele, maana nimezaliwa Pemba, ambako kirumbizi huchezwa kwa fimbo huku ngoma na zumari zikilia, na habari hiyo nilimweleza mwalimu kwa kirefu, pamoja na sifa za marehemu babu yangu na bakora yake ya mtobwe. Mwalimu, mzee mfupi asiye na maneno mengi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipanga na binti wa darasa la sita.

Mtindo tuliofundishwa una mapigo 12, na kila pigo lina namba yake na mahali pake mwilini. La kwanza na la pili huenda kwenye panja, la tatu na la nne mabegani, la tano ni la kuchoma tumboni, na kuendelea hivyo hadi la 12, ambalo hushuka utosini. Mwalimu wetu alikuwa na mapenzi maalumu na la nane na la tisa, yaani magoti. Hakuna mgeni aliyepita mikononi mwake bila kusimuliwa kifo cha Magellan, baharia Mreno aliyeongoza msafara wa Hispania, aliyeuawa kisiwani Mactan tarehe 27 Aprili 1521 na watu wa Lapu-Lapu, chifu wa huko. Pigafetta, Mtaliano aliyekuwamo katika msafara huo, aliandika kwamba wenyeji walipoona mapigo ya juu yanagonga mavazi ya chuma, waliihamia miguu, ambayo haikuwa na kinga. Akifika hapo mwalimu huigusa miguu ya mwanafunzi kwa ncha ya fimbo, moja baada ya nyingine, akaenda zake.

Siku ya mkasa tulikuwa kwenye sinawali, zoezi ambalo kila mmoja hushika fimbo mbili na kuzipitisha kwa mpishano mbele ya kifua, akigonganisha na za mwenzake kwa mapigo yanayofuatana. Yule binti aliniita Kuya, ambalo ni jina la heshima la kumwita kaka, na heshima yenyewe iliishia hapo. Aliuingiza mkono wake katikati ya mapigo yangu, akauzungusha kwenye fimbo yangu ya kushoto, akavuta, na fimbo ikaondoka, ikapaa, ikavuka ukuta na kuangukia kwa jirani. Ieleweke kwamba ulikuwa mwezi wa Mei, wakati ambao joto la huko huwa limefikia kilele, na viganja vya mtu mzima hutoa jasho zaidi kuliko vya mtoto.

Jirani huyo alikuwa mfugaji wa majogoo ya kupiganishwa. Uani kwake palikuwa na vibanda vidogo vyenye umbo la hema, vimepangwa kwa mistari, na mbele ya kila kibanda amefungwa jogoo mmoja kwa kamba ya mguuni, yenye urefu wa kumtosha kutembea lakini isiyomfikisha kwa mwenzake. Fimbo yangu ilikuwa imelala ndani ya eneo la jogoo mwekundu mwenye shingo ndefu. Niliruka ukuta nikiwa na fimbo iliyobaki mkononi, na hapo ndipo mwenye nyumba, aliyekuwa barazani na kikombe chake cha kahawa, aliponyanyuka na kunionya kwa sauti kuu kwamba ole wangu nimguse ndege wake. Akataja na bei. Ilikuwa inakaribia posho yangu ya mwezi mzima.

Naomba msomaji aipime hali hiyo kwa haki. Jogoo aliruhusiwa kunipiga. Mimi sikuruhusiwa kumpiga jogoo. Ni kweli kwamba hakuwa amevalishwa tari, kile kisu kilichopinda ambacho hufungwa mguu wa kushoto siku ya pambano, lakini kucha alikuwa nazo, na mdomo alikuwa nao. Nilipoinama kuokota aliruka akanipiga goti la kushoto, na kabla sijanyooka akawa ameshalifikia la kulia. Darasa zima lilikuwa limeshapanda ukutani. Kwa kuwa mazoezini tulikuwa tukihesabu kwa namba walizoachiwa na Wahispania, watoto walianza kuyataja mapigo kwa pamoja, tena kwa ufasaha: “Otso! Nuwebe! Otso!” yaani nane, tisa, nane. Nikarudi nyuma, jogoo akanizunguka, kamba ikanizunguka pamoja naye, mpaka vifundo vyangu vikafungwa barabara kama mzigo wa kuni. Nilipoanguka chali alinipanda tumboni. “Singko!” wakaitikia, yaani tano. Fimbo yangu ya pili ilinitoka wakati huo, nami nasisitiza kwamba niliiachia kwa hiari, nikiihofia ile bei.

Mwenye jogoo alikuja mbio. Alimnyanyua ndege wake, akamkagua bawa kwa bawa na kidole kwa kidole, akampuliza usoni, akamfuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Mimi nilikuwa bado nimefungwa. Mwalimu aliingia kwa lango, jambo ambalo hata mimi ningeweza kulifanya, akaitazama damu iliyokuwa ikinichuruzika ugokoni, akasema neno moja tu: “Magellan.” Kisha akaniamuru nisimame nitoe salamu ya kumaliza pambano, kwa kuwa pambano lililofungwa bila salamu ni ugomvi wa mtaani. Nikasimama, nikaiweka fimbo kifuani, nikamwinamia jogoo.

Mzee wa kahawa alipotulia, alinisogelea kwa adabu akaniuliza kama ningepata nafasi Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, maana kwa muda mrefu hakuwa amemwona ndege wake akichangamka kiasi kile, na malipo yangu yangekuwa mayai. Aliniomba pia nisije na suruali ndefu, kwa sababu kitambaa kilikuwa kikimnasa jogoo kucha.