Msasa Ule Ulimzuia Nani?

Nimekesha usiku mara mbili kwa sababu ya chipu moja ya miguu 14. Kwa nje haina alama ya kuungua wala ufa. Imepigwa msasa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuna mtu alilipwa mshahara kufuta majina ya chipu kwenye bodi ya mashine ya gemu, na gharama yake nailipa mimi leo.

Najua sababu, msinikumbushe: waliogopa kuigwa. Haya, kweli walikuwa wakiigwa. Lakini bodi za kughushi zilizagaa vilevile, maana mwenye mtambo wa kunakili hababaishwi na chipu iliyokwanguliwa. Anayebabaika ni fundi aliyeletewa mashine mbovu.

Ukiomba ushauri utaambiwa, badilisha chipu zote. Asante sana! Nizing'oe zote, ninyofoe na njia za shaba zilizochoka, halafu nirudishie nini ikiwa sijui kilichokuwepo?

Na chipu yenyewe wala haijifichi. Weka mita kwenye mlio wa kupima muunganiko, tafuta mguu unaokwenda kwenye volti 5 na unaokwenda hasi. Miguu 40, chanya wa 11, hasi wa 29? Hiyo inanuka Z80, prosesa, hata uikwangue mpaka utoboe. Miguu 18, hasi wa 9, chanya wa 18, na minne iko kwenye njia za data? Anza kuiwazia 2114, chipu ya kumbukumbu.

Mimi kilichoniponza ni kiburi. Chipu nyingi za familia ya 74, zile ndogo za mantiki, zenye miguu 14 zina hasi mguu wa 7 na chanya wa 14, basi nikajua na hii ni hivyohivyo. Usiku mzima napima mawimbi, napata upuuzi. Usiku wa pili ndipo nikashika mita: chanya wa 5, hasi wa 10. Hiyo inanuka kihesabio, chipu ya kuhesabu mapigo! Kati ya vihesabio vya mpangilio huo nilibaki na ndugu watatu, 7490, 7492 na 7493. Nikafuata miguu ya 6 na 7: haikuunganishwa popote. Kwenye 7490 na 7492 hiyo ni miguu ya kulazimisha hesabu, na mguu wa kuingizia wa TTL, aina ya chipu hizi za 74, ukiachwa hewani hujiona uko juu kana kwamba umepewa volti, kwa hiyo hesabu ingekwama palepale. Kwenye 7493 miguu hiyo haina kazi yoyote. Basi ni yeye.

Kubebesha chipu isiyo na kasoro mgongoni mwa mbovu ili ifanye kazi yake? Husaidia siku nyingine, ila sharti ujue unabebesha ipi. Msimbo wa MAME, programu inayoiga mashine za gemu kwenye kompyuta, nao, nakiri, hutaja prosesa na chipu za sauti. Hivi vidogo vya 74 mara nyingi havimo.

Nikaweka soketi, nikapachika mpya, picha iliyokuwa ikikimbia ikatulia. Kisha nikachukua rangi nyeupe nikaandika mgongoni mwake, tarakimu kubwa: 7493. Anayetaka kuiba aje aibe.